Nyoka wa Boksi Namba Saba

Nilifungua kifuniko, nyoka akanitazama.

Hakukimbia. Alikuwa amejikunja juu ya daftari la mke wangu, ametulia kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima.

Na mimi sikupiga kelele. Nilikuwa hoi kwa kazi ya wiki nzima, miguu imevimba, na huyo alikuwa mnyama wa nne kunitokea kwenye maboksi ndani ya miezi miwili. Nikarudi nyuma taratibu, nikakaa kwenye gogo, nikamwambia, "Haya bwana, kaa tu."

Jamani, haya yamenipata mwenyewe. Mtanicheka, najua. Chekeni, lakini msiishie njiani.

Kwanza niwaeleze huu mchezo, maana wengi hawaujui.

Mtu anaficha boksi mahali, labda kwenye shina la mti au chini ya jiwe. Halafu anaweka alama ya mahali pale mtandaoni. Wewe na simu yako unaifuata ile alama mpaka ulipate. Ukilipata unasaini daftari lililomo, unachukua kitu kidogo, unaacha kitu kidogo, unalirudisha kama lilivyokuwa.

Basi. Hakuna kombe, hakuna mshindi. Watu wazima na akili zetu tunatembea kilomita sita kwenda kusaini daftari.

Mke wangu ndiye aliyeniingiza. Yeye ni fundi cherehani. Alificha maboksi kumi na moja kwenye msitu ulio nyuma ya mtaa wetu, na kila boksi akalishonea kifuko cha kitambaa cha rangi ya majani makavu. Kwenye mchezo anajiita Sindano. Mimi nafua mashuka hotelini, kwa hiyo wakanibandika jina la Babu Shuka, na sikuwa na nguvu ya kulikataa.

Mwaka jana akateleza kwenye ngazi za soko, akavunjika nyonga. Akafanyiwa upasuaji. Daktari akasema mfupa umeunga vizuri, atatembea, ila lazima atembee.

Mama watoto akagoma. Kila nikimwambia tutoke kidogo, anasema kesho. Akahamia dirishani na cherehani yake, mlango akausahau.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamchangamsha. Kila Jumapili nilikuwa naenda msituni, naweka madaftari mapya, namletea yaliyojaa. Anavaa miwani, anasoma kwa sauti.

"Tumefika watatu, mvua imetupiga, tumecheka mpaka mbavu zinauma."

"Asante Sindano, vifuko vyako vizuri kuliko nguo zangu."

Anasoma mara mbili mbili. Siku hiyo anakula vizuri, anauliza njia ikoje, mti fulani bado upo.

Siku nyingine zote, nikirudi kazini, sina hata neno. Mashuka mia tatu kwa siku, mvuke usoni, mgongo unawaka moto. Nakaa kwenye kiti nasinzia na viatu miguuni. Kwa hiyo yale madaftari ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Bila maboksi, tungebaki kutazamana kama abiria wa safari moja wasiojuana.

Balaa likaanza na tumbili.

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye boksi namba mbili, mkate uko mkononi. Akanirukia mgongoni. Mkate hakuutazama. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati langu, akakomba kila kitu, akatokomea juu ya mti.

Wiki iliyofuata, asubuhi na mapema, nikakuta nungunungu boksi namba nne. Amekitafuna kifuko cha mke wangu mpaka kikabaki uzi. Nikamfukuza kwa mguu. Mwiba ukapita soli ya kiatu, nikarudi nyumbani nachechemea.

Nikasema labda ni huu msitu wetu.

Basi hoteli ikanituma nje ya nchi, siku kumi, kujifunza mashine mpya za kufulia. Huko nako nikafungua simu, nikaona boksi lipo kwenye bustani kubwa nyuma ya hosteli yetu. Nikalipata, nikasaini, nikaacha kazawadi kangu kama kawaida. Kesho yake nikawapeleka wenzangu wawili wa darasani wakaone.

Tukamkuta nguruwe pori amelikanyaga lile boksi.

Bustani nzima ilikuwa na watu wamekaa kwenye nyasi wanakula. Hakuwajali. Akainua pua, akanusa, akanijia mimi. Nilitoka mbio, nikapanda juu ya meza ya watu nisiowajua, na miaka yangu hamsini na tatu.

Mkufunzi wetu aliposikia akaniuliza, "Kwenu unafuga nguruwe?"

"Kwetu nafua mashuka," nikamjibu. 

Niliporudi, mwenzangu wa kazini tunayemwita Pasi, maana yeye ndiye mpiga pasi, alinivuta pembeni.

"Mzee mwenzangu, wewe una kitu mwilini. Wanyama hawamfuati mtu hivihivi. Nenda kaoge."

Nikaenda kuoga. Nikajisugua mpaka ngozi ikawaka. Jumapili yake ndipo nikakutana na nyoka.

Nilikuwa bado nimekaa kwenye lile gogo, nikasikia sauti za watu. Baba, mama na bibi mmoja mwenye fimbo wanakuja na simu yao wanalitafuta boksi. Nikasimama katikati ya njia, mikono juu. "Rudini, rudini!" Nikampigia mlinzi wa msitu.

Akaja na fimbo yake ndefu, akamtoa nyoka, akampeleka mbali. Alivyorudi, uso umekunjamana.

"Mzee wangu, mimi nakuheshimu. Lakini boksi namba mbili limejaa kinyesi cha panya. Hili lina nyoka, na huyu bibi alikuwa hatua ishirini tu. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Akionekana mnyama mwingine kwenye boksi, nayaondoa yote kumi na moja."

Nilimwambia mke wangu. Akasimamisha cherehani.

"Yote?"

"Yote."

Hakulia. Alikuwa anashona kifuko kipya. Akakikunja, akakitia kwenye droo, akaifunga. Ile droo iliniogopesha kuliko nyoka.

Nikapiga moyo konde. Kila nikitoka kazini, badala ya kwenda kulala, naingia msituni. Nikanunua maboksi yenye vibanio. Nikayasugua, nikaweka madaftari mapya. Miguu inalia, nayaburuza hivyohivyo. Na kila boksi, kama kawaida yangu, naacha zawadi.

Zawadi yenyewe ilikuwa sabuni.

Zile ndogo za vyumba vya hoteli, zenye harufu ya asali na maziwa. Wageni wakiondoka zinabaki nyingi, na bosi aliniruhusu kuzichukua. Sheria ya mchezo inasema usiweke chakula ndani ya boksi, kwa sababu ya wanyama. Naijua sheria hiyo. Sijawahi kuacha hata punje ya mahindi. Nilikuwa naacha sabuni, safi, kwenye karatasi yake.

Hakuna mchezaji hata mmoja aliyewahi kuandika daftarini kwamba ameipata. Nikasema moyoni, watu siku hizi hawana shukrani.

Siku nne kabla ya mwezi kuisha, mlinzi akapiga simu. Alikuwa ameficha kamera kwenye mti, boksi namba saba. "Njoo ofisini. Njoo na mama."

Nilifikiri mke wangu atakataa. Akavaa viatu. Miezi saba alikuwa hajavaa viatu vya kutokea, isipokuwa kwenda hospitali. Gari likatushusha mlangoni kabisa mwa ofisi, nje ya geti la msitu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tuonyeshe hizo picha."

Akageuza kompyuta. Picha ya kwanza nilikuwa mimi, nimepiga magoti, nimechoka hata kwenye picha. Ya pili naondoka. Ya tatu, dakika ishirini baadaye, panya buku mkubwa kama paka, na kibanio cha boksi kimeshatafunwa. Ya nne, anaburuta kitu cheupe. Siku ya pili panya watatu. Siku ya tatu, nyuma yao, nyoka.

"Mnaona?" mlinzi akasema. "Nyoka hana shida na boksi, anafuata panya. Panya naye anafuata chakula. Kuna mtu anaweka chakula. Nikimjua, namfungia msitu mwaka mzima, maboksi yanabaki. Nisipomjua, nayaondoa leo."

Mke wangu akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Halafu akageuka taratibu, akanitazama mimi.

Nami nikakiangalia vizuri kile kitu cheupe.

Nyumbani ile sabuni tunaifungia kwenye kopo la bati. Kwa nini? Kwa sababu ya panya! Kila nyumba inajua panya wanakula sabuni. Hata mimi nilijua. Lile kopo nililinunua mwenyewe. Na tumbili alikuwa ametoa nini mfukoni mwangu? Na nilienda kujisugua kwa sabuni gani ili wanyama wasinifuate? Yote yakanijia kwa mpigo pale kwenye kiti.

Nikinyamaza, maboksi yanaondoka. Nikisema, mimi ndiye ninayefungiwa, na nani atamletea madaftari?

"Ni mimi," nikasema.

Mlinzi akashangaa. "Wewe? Unaweka chakula gani?"

"Sabuni. Lakini sabuni si chakula."

Mke wangu akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, machozi yakamtoka.

"Baba watoto," akasema, "panya hasomi sheria!"

Mlinzi naye akacheka, lakini hakurudi nyuma. "Mwaka mmoja, mzee. Hata geti usivuke."

"Na madaftari?" nikauliza. 

Mlinzi akainua mabega. Mke wangu akachukua fimbo yake ya kutembelea.

"Boksi namba moja ni hatua ngapi kutoka getini?"

"Kama mia mbili, mama."

"Nisindikize."

Nikakaa getini kwenye benchi. Dakika arobaini na tano, moyo unanidunda kuliko siku ya nguruwe. Mara ya kwanza nilitaka kuvuka, nikakumbuka adhabu yangu. Mara ya pili pia.

Akatokea. Mlinzi yuko nyuma yake, hajamshika. Kitambaa cha kichwa kimejaa majani, jasho linamtiririka, na daftari kalibana kwapani. Akajitupa kwenye benchi kando yangu, akanikabidhi.

"Nisomee wewe," akasema. "Leo mimi sina nguvu."

Nikasoma kurasa zote. Yeye akawa ananikatiza kila mstari kunieleza njia ilivyo.

Siku hizi anafika mpaka boksi namba sita, peke yake. Panya wamehama, na nyoka amewafuata hukohuko. Mimi kila Jumapili nakaa getini.

Ninachowaambia ni hiki. Mtu akichoka sana hafikiri, anarudia tu jana, halafu anajiona ana bidii. Niliwalisha panya nikidhani nalinda maboksi. Na hilo ndilo dogo. Daktari alisema mke wangu atembee, mimi nikawa namletea msitu mpaka dirishani. Miezi saba nilimkalisha kwenye kile kiti kwa mapenzi yangu mwenyewe, na asingeinuka kama nisingefungiwa geti.