Sifa za Kiingereza za Bi Salama

Nisiposema mwenyewe, mtaa wetu mzima wa Usagara utawasimulia. Tangu biashara iwe huria nchini, kila kazi inataka Kiingereza, nami najifundisha mwenyewe. Neno siliachi mpaka linyooke mdomoni. Juzi nilifikia maneno ya sauti mbaya, nikamfanya mfano jirani yangu, Bi Salama, mwimbaji wa taarabu: “Bi Salama is hoarse! Bi Salama is raucous!”

Akanisikia ng'ambo ya ukuta, naye Kiingereza hajui. “Mwanangu, unavyonisifu! Kesho kwenye harusi nitakayoimba utanitambulisha kwa maneno hayo hayo.”

Sikuthubutu kukiri. Angenuna, na kwake ndiko ninakokula. Nikapania kumpa sifa za kweli, lakini niliposhika kipaza sauti, kwa Kiingereza sikuwa na hata moja. Nikayamwaga yale yale, tena kwa matamshi safi kabisa. Vigelegele vikapigwa. Mjomba wa bwana harusi, mwalimu wa Kiingereza, akaangua kicheko.

“Anacheka nini? Hebu tafsiri,” akasema Bi Salama.

Nikanong'ona, kumbe kipaza sauti bado kiko mdomoni: “Sauti inayokwaruza, mama.”

Ukumbi mzima ukasikia. Akaninyang'anya kipaza sauti.

“Basi njooni muutunze mkwaruzo! Na wewe, Mzungu wa Usagara, toa noti yako uwe wa kwanza!”