Mji Uliomo Kwenye Santuri

Wimbo wenyewe haukuwa na kosa. Niliutunga Mbeya, nikiwa nimerudi kutoka chuo kikuu kule Kampala na ninasubiri serikali inipangie kazi. Kiitikio chake kilisema, "Mbeya ee, ukinifukuza nitakwenda wapi?" Tuliurekodi Nairobi kwa siku moja, mimi na wenzangu wanne wa bendi, tukiwa tumejipanga mbele ya maikrofoni moja kama watu wanaopigwa picha ya harusi. Mwenye studio alitueleza sharti lake bila kuzunguka. Angetoa makasha mawili ya santuri, moja la Mbeya na moja la Iringa. Yakiisha yote mawili, atatuita tena. Yasipoisha, kila mtu arudi kwenye kazi yake.

Kazi yangu mimi ilikuwa ipi? Hapo ndipo usingizi uliponikimbia. Baba aliuza ng'ombe ili nisome, na sasa majirani walikuwa wakimuuliza kama ni kweli kwamba huko Kampala siku hizi wanafundisha gitaa. Nilijiambia kwamba nikirekodi mara ya pili nitakuwa na jibu la kumpa. Mara ya kwanza mtu anaweza kubahatisha.

Kasha la Mbeya liliisha. Watu walinunua hata kama hawakuwa na gramafoni, wakisema wataipata baadaye. Likabaki la Iringa.

Iringa tulialikwa na mjane mmoja mwenye mgahawa karibu na soko. Wazazi wake walitoka pwani, yeye alizaliwa palepale Iringa. Mkwewe, mke wa mwanawe, alikuwa amekwenda kwao upande wa Igowole kujifungua, na katika zahanati ya huko alilazwa sakafuni juu ya mkeka, mwezi wa Julai. Mtu asiyeijua baridi ya Julai huko Mufindi hawezi kuelewa. Mtoto alipona. Mama yake alikohoa mpaka mvua zilipoanza. Tangu hapo yule mjane alikusanya wanawake wenzake, na walikuwa wanataka kitu kimoja: vitanda sita na magodoro yake.

"Si fedha za vitanda," alituandikia. "Vitanda."

Utaratibu alioupanga ulikuwa wake mwenyewe. Jumamosi ya kwanza tungepiga dansi, na wenye uwezo wangesimama ukumbini kutaja kwa sauti watakachotoa. Jumamosi ya pili tungepiga tena, na kila mtu angekuja na alichokitaja. Sisi tungepata nafasi ya kuutangaza wimbo wetu mara mbili. Kiongozi wetu, mpiga tarumbeta ambaye pia ni seremala, aliahidi kuviunda vitanda vyenyewe.

Tuliondoka Mbeya alfajiri. Tulikuwa hatujafika mbali baada ya Uyole pale kiongozi aliponigeukia.

"Msomi, ukifika Iringa usitaje Mbeya. Weka Iringa."

"Wapi?"

"Kwenye wimbo, bwana! Mbeya ikitoka, Iringa inaingia."

"Lakini Iringa ni ndefu zaidi. Haitakaa kwenye mapigo."

"Itakaa. Ibane."

"Na santuri ikifika? Santuri inasema Mbeya."

"Kila mwimbaji anafanya hivyo. Ukikaribishwa kwa watu unasifu ugali wao, husifu wa mama yako. Lala."

Sikulala. Nilijaribu kuibana Iringa njia nzima, kimoyomoyo, na kila nilipofanikiwa swali la santuri lilirudi. Kasha lilikuwa linakuja kwa basi la Jumanne. Dansi ya pili ilikuwa Jumamosi. Tangu Jumanne hadi Ijumaa watu wangekuwa na siku nne nzima za kuisikia santuri ikisema Mbeya. Ningeweza kusema kitu mapema. Ningeweza hata kumwambia mjane, aliyetupokea na chai ya tangawizi na kuniita mwanangu kabla sijajitambulisha. Sikusema. Mtu anayefikiri sana ana ugonjwa huo: akimaliza kupima kila upande, wakati wa kusema umeshapita.

Dansi ya kwanza ilifana kupita kiasi. Nilipoimba "Iringa ee, ukinifukuza nitakwenda wapi?" ukumbi ulinguruma. Wazee waliokaa na makoti yao mazito wakasimama. Mfanyabiashara mmoja wa mbao, Mhehe mwenye sauti nzito, alipanda jukwaani, akanishika bega, akawaambia watu, "Kijana huyu ametoka mbali, lakini ameuona mji wetu. Mbao zote za vitanda sita ni zangu." Baada ya mbao kutajwa, yaliyobaki yalikuja yenyewe. Mwenye duka la nguo akatoa vitambaa vya magodoro, mwingine sufi ya kujazia, mwingine mablanketi. Mjane alisimama mlangoni akirudia kila ahadi kwa sauti ili watu wote wawe mashahidi.

Jumanne kasha likafika. Mwenye duka la santuri alikuwa mtu makini. Aliweka sindano mpya kwenye gramafoni, akaelekeza spika yake barabarani na kuanza kazi. Nilikuwa mgahawani. Nilisikia gitaa langu mwenyewe likija kutoka ng'ambo ya soko, safi kabisa, halafu sauti yangu mwenyewe ikasema Mbeya.

Nilitoka mbio nikiwa na kikombe mkononi. Watu walikuwa wamekusanyika mbele ya duka. Fundi cherehani wa barazani ndiye aliyeniona kwanza.

"Kamwene, bwana harusi!"

"Kamwene," nikaitikia kwa salamu ileile ya Kihehe.

"Tuambie vizuri. Mke mkubwa ni Mbeya, siyo? Sisi Iringa ni wa pili?"

"Muache, ana safari ndefu," mwingine akadakia. "Mwakani atakuwa na Dodoma."

"Huyu anaoa kila basi linaposimama!"

Walicheka, na kama mambo yangeishia kwenye kicheko ningeyabeba. Nilianza kueleza kwamba wimbo ni kama nguo, unaweza kushonwa kwa kipimo cha mtu mmoja na bado ukamfaa mwingine. Fundi cherehani akanijibu kwamba yeye ameshona nguo miaka mingi na hajawahi kumpa mteja suruali iliyoandikwa jina la mtu mwingine. Alisema kweli.

Alhamisi mfanyabiashara wa mbao alituma ujumbe: mbao alizitoa kwa ajili ya mtu aliyeipenda Iringa, na kwa kuwa mtu huyo hayupo, mbao nazo hazipo. Mwenye vitambaa akasema atasubiri aone wa mbao anafanya nini. Wa sufi akasema atamsubiri wa vitambaa.

Mjane alinikuta uani, nimekaa juu ya kasha tupu la chai.

"Ulijua haya yatatokea?" akauliza.

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu Uyole."

Nilitamani anitukane.

"Mwanangu, mimi sikukuomba uipende Iringa. Iringa ina wenyewe wa kuipenda. Nilikuomba vitanda. Julai inakuja tena, na wapo wanawake ambao sasa hivi matumbo yao yanahesabu kwenda mwezi huo. Nitawaambia nini? Kwamba walikosa kitanda kwa sababu ya kiitikio?"

Kiongozi wetu, aliyekuwa akinoa randa yake pembeni ingawa hapakuwa na ubao wa kuipitisha, akasema, "Mama, tutaomba radhi."

"Ataomba huyu. Wewe piga tarumbeta."

Ijumaa nzima niliandika hotuba ya kuomba radhi. Ilifika kurasa nne. Nilieleza desturi ya waimbaji, nikaeleza tofauti kati ya wimbo unaoimbwa na wimbo uliorekodiwa, nikafuta, nikaeleza upya. Nilijiuliza kama neno "samahani" litatosha au niseme "nimewakosea". Niliamua kutumia yote mawili, katika kurasa tofauti.

Jumamosi ukumbi ulijaa, lakini walikuja mikono mitupu, kama watu wanaokwenda kusikiliza kesi. Mfanyabiashara wa mbao alikaa mstari wa mbele, mikono amekunja kifuani. Nilianza kusoma. Sikumaliza ukurasa wa kwanza.

"Anatuhubiria!" mtu akapiga kelele.

"Hiyo ni mitihani ya Kampala, tutafeli wote!"

Mjane akatoka mlangoni, akapita katikati ya watu, akaninyang'anya karatasi.

"Imba," akasema.

"Upi, mama?"

"Ulioutunga. Kama ulivyoutunga."

Nikapiga gitaa. Vidole vilikuwa baridi na nilikosea mapigo ya mwanzo. Nilipofika kwenye kiitikio nilifumba macho, nikaimba "Mbeya ee". Upande wa nyuma wa ukumbi ukanijibu kwa nguvu, "Iringa!" Nikaendelea, "ukinifukuza nitakwenda wapi?" Mara ya pili nilisema Mbeya, na nusu ya ukumbi ikaifunika. Mara ya tatu sikujisikia mwenyewe. Waliubana mji wao kwenye mapigo bila shida yoyote, jambo lililonishinda mimi njia nzima. Walikuwa wananipinga, na walikuwa wanafurahi kupita Jumamosi ya kwanza. Wakataka turudie. Tulirudia mara sijui ngapi, mimi nikishikilia Mbeya na wao wakiniangusha, mpaka mfanyabiashara wa mbao akasimama. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Tumekushinda?" akaniuliza mbele ya watu wote.

"Mmenishinda, mzee."

"Basi Jumatatu kachukueni mbao."

Mbao zilikuja, na vitambaa, na sufi, kwa mpangilio uleule wa kusubiriana. Wiki nzima uani kwa mjane kulikuwa na harufu ya msonobari. Wanawake walikaa chini wakishona magodoro, kiongozi wetu akipiga misumari, na mimi nikipeleka chai.

Lakini santuri hazikununuliwa. Kila siku nilikwenda dukani, na kila siku kasha lilikuwa vilevile. Mwenye duka alikuwa amechoka kunieleza.

"Wanakuja, bwana. Wanaupenda wimbo. Wananiuliza ile yenye Iringa itafika lini. Nikiwaambia hakuna nyingine, wanasema basi watasubiri irekebishwe."

"Haiwezi kurekebishwa mpaka hizi ziishe. Ndilo sharti la Nairobi."

"Waambie wewe."

Niliwaambia. Nilimwambia fundi cherehani, nikawaambia watu wa soko, mmoja mmoja, kwa utaratibu. Walinisikiliza kwa upole mkubwa. Walikuwa wameshanisamehe, na waliamini kwa dhati kwamba kosa lilifanyika Nairobi.

Siku ambayo vitanda vilikuwa vinafungwa kamba juu ya lori la Igowole, nilimletea mjane santuri moja kama zawadi. Alifurahi. Aliazima gramafoni ya jirani, akaiweka mezani mgahawani, akakaa kusikiliza na mikono mapajani. Kiitikio kilipofika, akainua sindano taratibu.

"Hii siyo yenyewe," akasema.

"Ndiyo yenyewe, mama. Ndivyo nilivyouimba, hata siku ile ya pili. Ulinisikia."

"Mwanangu, mimi nilikuwepo ukumbini," akanijibu, na kuirudisha santuri ndani ya mfuko wake wa karatasi, akanikabidhi ili niirudishe dukani wanibadilishie.

Nje dereva alikuwa anapiga honi. Kitanda cha sita hakikuwa kimepata nafasi kwenye lori, na kiongozi wetu alikuwa akiniita nikashike mguu mmoja wa kitanda hicho.