Jicho la Jirani na Miche ya Tungule

Shangazi yangu anaamini mambo mengi, na mengine nimeyarithi bila ya kuulizwa. Mimi nasomesha baiolojia katika skuli ya sekondari hapa mjini, na mpaka leo sithubutu kukata kucha usiku. Kwa hivyo nikimcheka, najicheka na mwenyewe.

Alipohamia kwangu Mji Mkongwe kutoka Bububu, alikuja na magoti mabovu, mdomo mzima, na mfuko wa mbegu za tungule, nyanya kama wanavyoziita wa bara. Mpango wake ulikuwa kuotesha miche juu ya dari, kwenye paa letu la wazi, kisha aipeleke shamba kwake ikishapata nguvu. Mji haukumpendeza hata kidogo. Aliyemfanya aupende ni jirani yetu wa nyumba ya mbele, mwanamke wa rika lake. Kichochoro kinachotutenga naye ni chembamba hata wanapozungumza dirisha kwa dirisha hawana haja ya kupaza sauti, ingawa hupaza. Asubuhi nilikuwa nikiamshwa na vicheko vyao.

Shangazi alizimwaga mbegu katika sinia kuukuu lililojaa udongo. Siku udongo ulipoanza kupasuka, jirani alipanda kutazama. Akainama, akapiga kofi la furaha.

"Loo, shoga! Mkono wako huu! Zinachomoza zote kwa pamoja!"

Akashuka zake. Hakusema Mashallah.

Mimi sikusikia kasoro yoyote. Shangazi alisikia. Hata ngazi hazijanyamaza, keshalibeba sinia, magoti na yote, akaliingiza stoo, chumba chetu kisicho na dirisha, akalifunika kanga mbili.

"Shangazi, miche inataka mwanga," nikasema.

"Inataka stara. Mimi nshawaweka ndani maharusi wangapi, wasionekane na mtu? Yupi aliyetoka mbaya?"

Akawa anaingia kumwagilia gizani kwa kupapasa, huku anasoma dua. Alipolitoa sinia hatimaye, alipiga ukelele ulioniangusha kitandani. Miche ilikuwa mirefu, myembamba, mashina meupe, na vijani vya manjano vilivyojikunja vichwa vikitazama chini. Nakiri ilitisha. Ilifanana na watu wanaotoka homa.

Shangazi hakungoja hata nivae viatu. Alikwenda dirishani.

"Shoga! Ungesema Mashallah ungepungukiwa na nini?"

Jirani alitoka na mwiko mkononi. Alipoelewa anashutumiwa nini, uso ulimbadilika.

"Jicho langu mimi? Nnayekula kwako, nnayekuuguza magoti yako? Jicho langu?"

Akafunga dirisha. Likabaki limefungwa, na joto la wakati ule si la kuziba hata tundu la kitasa. Tukawa tunasikia sufuria zake zikigongana mle ndani, naye akikohoa moshi wa mafuta. Shangazi alikaa upande huu akijifanya hasikii. Chakula kikawa hakimpiti. Asubuhi nyumba ilikuwa kimya, na kimya kile kiliniudhi kuliko kelele zao zote. Kisha akaanza kusema anataka kurudi Bububu, kwamba mjini hana mtu. Niliogopa. Bububu angekaa peke yake, na nani angempeleka hospitali?

Basi nikamketisha, nikamsomesha. Nikamwambia mche wa kizani haujaguswa na hasidi, unasubiri. Ndani ya kila seli mna jeni, yaani maagizo ya kutengenezea mmea, na maagizo ya klorofili, ile rangi ya kijani inayoulisha mmea, yamo tangu kwenye mbegu. Lakini kizani zipo protini zinazoyazuia yasisomwe. Mche una akiba ndogo ya chakula, hauwezi kuimaliza kwa majani ambayo hayana jua la kufanyia kazi. Akiba yote unaitia katika shina, urefuke, utafute pa kutokea. Mwanga ukiufikia, protini nyingine, ambayo kazi yake ni kuuhisi mwanga, hubadilika umbo, huingia ndani ya kiini cha seli na kuwaondosha wale wazuiaji. Hapo maagizo husomwa. Na hata hatua moja ya mwisho mwisho ya kuipika klorofili haiendi mpaka mwanga uwepo.

Shangazi alisikiliza vizuri sana, jambo lililonitia wasiwasi.

"Kwa hivyo ndani mna mabawabu."

"Mna mabawabu."

"Na mwanga ukija wanaondoka."

"Naam."

"Na huo mwanga nani anauleta?"

"Mwenyezi Mungu."

"Basi mbona wanibishia?"

Nikaacha kusomesha. Nikalibeba sinia mpaka juu ya dari, nikaliweka penye kivuli cha ukuta, mahali panapoonekana na kila dirisha la mtaa, la jirani likiwa la kwanza. Nusu ya miche nikaifunika kwa karai la chuma. Shangazi alinitukana kwa upole, akaketi kando na tasbihi yake.

Kesho yake alasiri nilimpandisha akaone. Upande uliokuwa wazi, vichwa vilishainuka, majani yamefunguka, na rangi ya kijani imeshaingia. Nikafunua karai. Chini yake miche ilikuwa ile ile, ya manjano, imejikunja.

"Huu wa kijani umetazamwa na mtaa mzima," nikamwambia. "Huu wa manjano hakuna jicho lililoufikia. Sasa niambie jicho limefanya nini."

Alitazama huku, akatazama kule. Midomo ilimcheza. Nilidhani atanibishia tena, kumbe analia.

"Nenda kamwite," akasema.

Jirani alikataa mara ya kwanza. Baadaye tulisikia hodi chini, kisha hatua za kupapasa, polepole, akijigonga ukutani na kumlaani aliyezijenga ngazi. Alipotokea juu ya dari, ushungi alikuwa ameushusha mpaka kidevuni, na mikono ameinyoosha mbele.

"Nimekuja," akasema. "Lakini sitazami kitu. Nisije nikaambiwa tena."

Shangazi aliinuka bila ya kushika ukuta.

"Funua uso, shoga, utaanguka."

"Sifunui. Ikinyauka je?"

"Ikinyauka tutaotesha mingine," shangazi akasema, naye keshamshika mikono yote miwili. "Wewe nitakuotesha wapi?"