Luteni Nkwabi Hakufa Maji

Mtoto alianza kulia kabla nyama ya kumbukumbu haijaiva, na shangazi zake wote wakasema lile moja: analilia jina.

Juliana, mama yake, alilijua jina lenyewe. Nkwabi, la baba wa mtoto, luteni wa jeshi la wanamaji, aliyekufa vitani Kongo mtoto akiwa tumboni. Lakini baba mkubwa Makoye, mtoa majina wa ukoo, alilikataa. Basi mtoto akabaki "huyu", na Juliana akabaki "mke wa marehemu". Angeitwa mama nani?

"Aliyekufa maji harithiwi jina," Makoye alirudia siku ile, mfupa mkononi. "Maji yatamfuata mtoto. Na mchunga ng'ombe wa Kishapu, ziwani alifuata nini?"

"Kishapu hata mvua tunaisikia redioni!" mmoja akachombeza. Wanaume wakacheka, midomo inang'aa mafuta.

Jeneza lilikuja limefungwa, na kwa kuwa marehemu alikuwa mwanamaji, ukoo ukajijazia wenyewe: kazama. Naye Juliana aliamini, mpaka wiki iliyopita alipompigia simu Abel, sajini aliyekuwa na Nkwabi kule Kongo.

Akasimama, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Si umeshaniamkia asubuhi?"

"Naamkia tena, ili msije mkasema sina adabu. Nkwabi hakuzama. Aliyejifunza kuogelea kwenye lambo lenu, ameshika mikia ya ng'ombe wenu, azame? Alipigwa risasi nchi kavu! Alisimama gatini ameshika kamba ya boti mpaka wakimbizi wakaisha kupanda. Abel alikuwa ndani ya boti hiyo, alimwona. Nyie mnamcheka huku mnatafuna ng'ombe wake!"

"Mwanamke, kaa chini."

"Sikai."

Mama mkwe wake, Limi, alitoka jikoni na mwiko mkononi. Tangu msiba hakuwahi kulitamka jina la mwanawe, kwa kuogopa kuyaita maji.

"Nchi kavu?"

"Nchi kavu, mama. Muulize Abel, simu hii hapa."

Limi hakuipokea. Alimgeukia shemeji yake.

"Makoye, ulimwuliza nani?"

Makoye akautazama mfupa.

"Nakuuliza! Umenifunga mdomo nisimwite mwanangu. Ulimwuliza nani?"

Mtoto akazidi kulia. Limi akapaza sauti, ikafika mpaka zizini:

"Mama Nkwabi! Mnyonyeshe mtoto, ana njaa."