Mkono wa Kushika Toka

Mwishoni mwa miaka ya hamsini, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikikusanya vipande vya ardhi vya kila mtu mahali pamoja, baba aliniita kutoka Thika. Vishamba vyake vilivyotawanyika kwenye miteremko ya Ruiru vilikuwa vimebadilishwa kuwa shamba moja, na siku hiyo mpaka ungepandwa matoka. Toka ni ua la mpaka; likishapandwa mbele ya majirani halihamishwi. Kwa desturi ya ukoo wetu, mwana aliyelishika pamoja na baba yake wakati wa kulipanda ndiye aliyerithi.

Nilikuwa fundi wa mashine katika kiwanda kilichosaga magome ya miti ya miwati kuwa dawa ya kutengenezea ngozi za viatu. Ufundi nilikuwa nimejifunza mwenyewe, kwa kufungua na kufunga, na sikutaka kuuacha.

Baba alitoa sharti hadharani: nishike toka, niache mashine, nirudi kupanda kahawa. Alisema Uhuru ulikuwa njiani na nchi ingekuwa ya wenye udongo. Anayeamshwa na king'ora cha kiwanda angebaki kibarua chini ya bendera yoyote. Nilimjibu kwamba nchi isiyotengeneza kitu ingeuza kahawa na kununua kila kingine.

"Kwani utakula vyuma?" akauliza. Majirani wakacheka.

"Hilo jembe lako, baba, limekuja kwa meli."

Kicheko kikaisha. Nikapendekeza nishike toka na kazi niendelee nayo, mdogo wangu alime, tugawane mavuno. Akakataa. Mzee mmoja wa rika lake akanivuta kando, akanishauri niitikie tu, nitoroke baadaye. Nilimwambia sitapanda mpaka kwa uongo.

Nikaweka mikono nyuma. Baba akamwita mdogo wangu, naye akashika toka bila kunitazama. Niliwafuata kona kwa kona hadi toka la mwisho likafukiwa, ili asiwepo wa kusema nilikimbia.

"Kuanzia leo wewe ni mgeni hapa," baba akasema.

"Mgeni hupewa chai."

Baba hakuwa mtu wa kumnyima mgeni chai, hata mgeni aliyemfanya mwenyewe. Akamwashiria mama, naye akamimina. Nikaketi kwenye kiti cha wageni, nikanywa kikombe chote bila haraka, wao wakinisubiri nimalize. Kisha nikashika njia ya Thika, maana zamu yangu ilikuwa ya asubuhi.