Kinanda Kilichomngoja Mgeni Rasmi

Mpaka leo nikisikia neno "mgeni rasmi" damu inanichemka, na nitasema kwa nini.

Miaka ya tisini nilikuwa napiga kinanda kwenye kwaya moja hapa Mpanda. Nota zote nilifundishwa na mzee mmoja Mrundi, mkimbizi wa makazi ya Mishamo, nilipokuwa nafanya kibarua cha kulima huko. Alikuwa anaandika do-re-mi kwa mkaa kwenye mlango wa nyumba yake. Mtunzi kwelikweli yule. Nyimbo zake ziliimbwa Mpanda nzima, na waimbaji wenyewe hawakujua ni za nani. Hilo lilinikera, basi nikatunga kipande kifupi cha kumuenzi: kinanda kinauliza, kwaya inajibu, halafu katikati kwaya inanyamaza kabisa, kinanda kinapiga peke yake wimbo wake wa kwanza, aliotunga wakimbizi walipokuwa bado wanafyeka pori wajenge Mishamo. Nilikihangaikia msimu mzima, mpaka mke wangu akasema shamba nimewaachia nyani.

Nilitaka mzee akisikie kwenye sherehe ya kwaya yetu, hilo tu. Kifua kilikuwa kinamsumbua, na sikuona kama atafika sherehe nyingine ya kwaya.

Siku yenyewe akaja juu ya lori la mahindi, koti limejaa vumbi, tai shingoni. Kibali chake cha kutoka makazini kilikuwa cha siku hiyo tu, na lori lilikuwa linarudi mchana. Nikamkalisha mbele. Haukupita muda akaja mtu wa kamati. "Mzee, samahani, hivi ni viti vya meza kuu." Wakamhamishia benchi la nyuma kabisa, na yeye ndiye aliyeomba radhi.

Saa ya kuanza ikapita, mgeni rasmi hayupo. Nikamfuata mwenyekiti wa kamati.

"Mwenyekiti, tuanze na kinanda. Mzee ana lori."

Akaniangalia kama nimemtukana. "Bila mgeni rasmi hatuanzi. Na hicho kipande MC atatangaza ni kwa heshima yake."

"Heshima ya nani? Mimi nimemtungia mwalimu wangu."

"Mwalimu wako ni mtu wa nyumbani, ataelewa."

Mtu wa nyumbani. Jana alikuwa mkimbizi, asubuhi hiyo hana hata kiti, mara amekuwa mtu wa nyumbani. Nikaenda kukaa kwenye kinanda nipige hivyo hivyo, liwalo na liwe. Sijamaliza hata mstari wa kwanza, sauti ikakatika. Mwenyekiti alikuwa amesimama pale nje kwenye jenereta, mkono kwenye swichi, ananitazama.

Lori likapiga honi. Mzee akaja akanishika mkono. "Mwanangu, usigombane na watu. Kinanda nimekiona, ni kizuri." Akapanda juu ya magunia, wakaondoka.

Wanasema ngojangoja huumiza matumbo; mimi hata pilau yao sikuila. Mgeni rasmi alifika jua limeshapinda. Tukapiga. Pale kinanda kinapobaki peke yake, alikuwa ananong'ona na jirani yake. Mwisho akasimama akasema amefurahi sana, na mwalimu aliyemfundisha huyu mpiga kinanda asimame tumpigie makofi.

Wanakamati wakageukia benchi la nyuma, na ukumbi mzima ukafuata. Nikachukua maiki.

"Yuko juu ya magunia ya mahindi, mheshimiwa, njia ya Mishamo. Alikungoja wewe mpaka lori likachoka."

Kinanda nikapokonywa wiki hiyo hiyo, na sijutii.

Baadaye nikadandia lori nikamfuata. Kule hakuna umeme wala kinanda, kwa hiyo nilimwimbia kipande chote kwa mdomo, kinanda na kwaya, yeye amelala kitandani amefumba macho. Nilipofika kwenye wimbo wake, vidole vikawa vinapiga mapigo juu ya blanketi. Nikamaliza. Akafumbua macho, akasema besi yangu inakimbia. Halafu akaniuliza, bila kejeli yoyote:

"Na yule mgeni wenu, alifika salama?"

Nikatoka nje. Ningebaki mle ndani ningetukana mbele ya mgonjwa.