Sahani ya Mjomba

Ni mimi niliyepita njia ya chini. Nimelikana jambo hili kwa zaidi ya miaka thelathini: nilimkania bibi yangu siku ileile, nikamkania mama, nikamkania hata mume wangu, ambaye wala hakuwa ameniuliza. Nimesoma mpaka chuo kikuu, nafundisha watu wazima namna ya kupima ushahidi, na bado nikisikia harufu ya pasi ya makaa ikipita juu ya kitambaa kibichi, navuka barabara kama mwizi. Harufu hiyo ni ya baraza ya nyumba ya bibi yangu, mjini Mutsamudu: moshi mwembamba wa vifuu vya nazi, mvuke wa pamba iliyonyunyiziwa maji kwa mdomo, na nyuma yake karafuu zilizoanikwa juu ya paa la jirani. Hapo ndipo Baba Hamada, mume wa mama yangu mkubwa, alipokuwa akishona nguo. Wengine wamejaliwa harufu za utotoni zinazowafanya watabasamu. Mimi nilijaliwa hiyo.

Tulikuwa tukiishi kisiwa kingine, Ngazija, mjini Moroni, nyuma ya soko la Volo Volo, kwa sababu baba yangu alikuwa karani wa serikali. Lakini kwetu hasa palikuwa Mutsamudu, maana katika visiwa vyetu vya Komoro nyumba ni ya wanawake. Bibi humwachia binti, binti akamwachia binti yake. Mwanamume huoa, akaja na sanduku lake, akapewa nafasi ya kuliweka. Babu yangu, tuliyemwita Bakoko, aliishi katika nyumba ya Koko, bibi yangu, karibu miaka hamsini, na hakuna aliyemsikia akitamka "nyumba yangu." Alipofariki nilikuwa na umri wa miaka tisa. Tulikwenda kwenye arobaini yake kwa meli iliyobeba saruji. Mama alitapika njia nzima, nami nikahesabu magunia ili nisimtazame.

Siku zile nchi ilikuwa mikononi mwa mamluki: Wazungu wachache waliokuja kwa bahari wakamrudisha rais kitini, kisha wakasahau kuondoka. Walivaa sare nyeusi, na vijana wetu waliowaajiri wakavaa nyeusi vilevile. Moroni tulijua kulitambua gari lao bila kuliona. Halikupiga honi, barabara ilinyamaza yenyewe, muuza samaki akaacha kunadi, na baba akanyoosha mkono kupunguza sauti ya redio hata kama ilikuwa ikisoma Kurani. Mutsamudu hawakuwa na kawaida ya kukaa. Wiki ile ya arobaini walikuwa wamefika, na hakuna aliyeuliza wamefuata nini, kwa sababu sisi wa nyumba ile tulijua.

Walimfuata Mjomba Bakari, kaka pekee wa mama. Alikuwa mwalimu Moroni, na ilisemekana kuna karatasi zilizokuwa zikipita mkono kwa mkono zenye mwandiko wake. Kwa miezi miwili hatukujua yuko wapi. Siku ya pili ya kufika kwetu nilimkuta nyumba ya tatu kutoka ya Koko, kwa binamu yake Koko aitwaye Bi Siti, amekaa juu ya gunia la mchele, amefuga ndevu. Akaniwekea kidole mdomoni, halafu akaninong'oneza: "Bado unaogopa kuku?" Nilikuwa bado naogopa kuku. Nikaahidi kunyamaza, nami nilinyamaza kweli. Sikumtaja kwa mtu yeyote, na hiyo ndiyo hoja niliyoishikilia miaka yote kila dhamiri iliponiita shaurini.

Lazima nieleze mji ule wa kale ulivyojengwa. Vichochoro vyake ni vyembamba, na juu yake nyumba ziliunganishwa kwa vidaraja, ili wanawake wapite kutoka ghorofa hadi ghorofa bila kuonekana na wanaume. Mwanamke aliweza kutembelea ndugu zake wote wiki nzima asikanyage udongo. Chakula cha Mjomba kilipita huko juu, na maji yake, na habari zake. Chini, Mutsamudu uliomboleza mzee aliyekufa. Juu, ulimlisha kijana aliyetafutwa.

Aliyenipenda zaidi katika nyumba ile alikuwa Baba Hamada. Alizaliwa Majunga, ng'ambo ya bahari, akarudishwa Komoro pamoja na Wakomoro walionusurika mauaji ya kule, amebeba kichwa cha cherehani kilichofungwa kwenye blanketi. Mji haukumsahaulisha kwamba ni wa kuja. Akikosea neno, watu walicheka. Akikaa kimya, walisema anapanga jambo. Alinishonea gauni la arobaini, la manjano, lenye marinda matatu. "Simama wima, Mwanaesha," alisema, pini zikiwa zimejaa mdomoni. "Wewe si gunia." Nikamshtakia kwamba wasichana wa kwenye bomba la maji wananicheka. Kila nikipita walipaza sauti: "Mngazija huyo! Anaongea kama anatafuna mkaa!" Na mmoja mrefu kuliko wote akaongeza: "Rudi kwenu Moroni, hapa hapakuhusu." Baba Hamada akatoa pini zake moja moja. "Mimi wananiambia hivyohivyo tangu nije," alisema, "na tazama, ndio wanaoleta nguo."

Siku ya arobaini kulizuka ubishi jikoni. Kwetu, katika hitima ya mzee wa nyumba, hakuna mkono unaogusa chakula kabla sahani ya mjomba, kaka wa mabinti wa nyumba, haijatoka. Hujazwa kwanza, nyama iliyonona juu, ikafunikwa kitambaa chekundu kilichodariziwa, ambacho hakifuniki sahani ya mtu mwingine hata awe kadhi. Mama Mkubwa Zahara, mkewe Baba Hamada, alitaka safari hii desturi ilale.

"Mama, tumpelekee kwenye bakuli tu, kama mtoto. Kitambaa kibaki kabatini."

"Baba yenu hafanyiwi arobaini ya mkato," Koko akajibu.

"Wameshuka na magari mawili, mama."

"Wao wameshuka. Sahani itapita juu."

Koko aliishi Unguja ujana wake, na alipotaka kumaliza mazungumzo alitumia Kiswahili. "Mwacha asili ni mtumwa," akasema. Mama alikuwa na unga mikononi, Mama Mkubwa amekaa dirishani na vitunguu. Sahani nikapewa mimi. "Daraja la kwanza, la pili, la tatu, kwa Bi Siti. Usisimame."

Nilifika kwenye ngazi. Kulia kulikuwa na mlango wa daraja, giza na popo; kushoto kulikuwa na mlango wa mtaani, mwanga, na sauti za wasichana kwenye bomba. Nimejaribu kujitetea kwa popo, lakini ukweli ni marinda. Nilitaka wanione. Nilitaka yule mrefu aone gauni la manjano, na juu ya mikono yangu kitambaa chekundu, ambacho hakibebwi na mgeni. Nikashuka.

Walininyamazia wote. Hata leo, nikimaliza mhadhara na watu wakapiga makofi, sijapata tena ushindi kama ule. Ulidumu hatua thelathini. Kwenye kona walisimama wawili wenye sare nyeusi: Mzungu akinywa kahawa, na askari kijana wa kwetu. Mzungu aliona sahani ya wali. Kijana aliona kitambaa.

"Mwanangu, kwenu kumefiwa?" akauliza kwa upole.

"Bakoko."

"Pole. Na hiyo anapelekewa nani?"

"Mgonjwa," nikasema.

"Mgonjwa!" Akacheka kidogo, kama mtu aliyeletewa zawadi. "Kitambaa chekundu kwa mgonjwa? Kwetu hata mimi mwenyewe hawanifunikii."

Hapo akatokea Baba Hamada, anatoka hospitali ya Hombo, shavu limevimba kwa jino lililong'olewa. Macho yake yalikwenda usoni kwangu, kwenye kitambaa, kwa wale wawili. "Mwanaesha, umepotea tena?" akasema kwa sauti kubwa ya kipuuzi. "Rudi nyumbani na chakula cha watu!" Kisha akatoa sigara, akawapa, akajiweka katikati yao na mimi, akaanza kusimulia habari za jino lake. Aliongea, aliongea, mtu ambaye kwa kawaida alihesabu maneno kama vifungo.

Ningerudi. Lakini wali ulikuwa unapoa, na niliagizwa kwa Bi Siti. Nikazunguka kichochoro cha pili, nikagonga mlango wake wa chini, nikaikabidhi sahani. Nilikuwa mtoto mtiifu. Sikutazama nyuma, na kwa hiyo siwezi kuapa nani aliuona mlango ule ukifunguka.

Wanaume walikuwa wamefika katikati ya Yasini tuliposikia viatu. Havikuwa mtaani, vilikuwa juu ya vichwa vyetu, kwenye vidaraja, mahali ambapo hapajawahi kupita kitu kizito kuliko miguu ya wanawake. Mbao zililia. Vumbi lilidondoka ndani ya masinia. Msomaji hakuacha kusoma, ila alizidi kwenda mbio, na sote tulimfuata kwa pumzi. Walimshusha Mjomba kwa mlango wa Bi Siti, mikono nyuma, ndevu zake zina punje za wali. Alitazama juu kwenye madirisha, akatafuta dada zake, akapitishwa.

Koko aliniita. Hakupaza sauti. "Ulipita wapi?"

"Juu," nikasema.

Hakuna aliyepata nafasi ya kuniuliza mara ya pili, kwa sababu jirani aliingia mbio na habari kwamba amemwona Baba Hamada kwenye kona akiwapa askari sigara, wakicheka. Watu wakageuka. Alikuwa mlangoni, mkono shavuni. "Nilikuwa nao, ni kweli," akasema. Wakangoja aendelee. Akanitazama mimi, si kwa hasira; alinitazama kama anavyotazama mshono kuona kama umenyooka. Kisha akainamisha kichwa. "Kikulacho ki nguoni mwako," Koko akasema.

Kabla ya alasiri sanduku lake lilikuwa nje, na juu ya sanduku cherehani. Kwetu mume hufukuzwa hivyo, bila kadhi wala kelele: mke hutoa sanduku. Aliyelitoa ni Mama Mkubwa Zahara kwa mikono yake. Nilitazama kutoka nyuma ya mlango, nimevaa marinda matatu, na sikutoka.

Mamluki waliondoka mwishoni, kama wanavyoondoka wote. Mjomba alifunguliwa akiwa na mkono usiokunjuka. Hakurudi tena kufundisha, na alikufa kabla watoto wake hawajamaliza shule. Baba Hamada alipanga kibanda Volo Volo. Nilimpita miaka mingi nikienda kupanda gari la chuoni Mvouni, kwanza mwanafunzi, baadaye mwalimu wa chuo, na kila mara aliniuliza jambo moja tu: "Umekula?" Nilijibu nimekula, nikaharakisha, nikajiambia kwamba amesahau. Watu wenye shahada hujiambia mambo ya ajabu.

Sasa vidaraja vya Mutsamudu vingi vimebomoka, na wanawake wanapita chini kama kila mtu. Wanafunzi wangu wananiuliza habari za wenye sare nyeusi kama wanaouliza habari za majini: walikuwa warefu kiasi gani, ni kweli waliogopwa hivyo? Nawajibu vizuri, kwa tarehe na sababu. Kitu ambacho siwafundishi ni kwamba woga ule haukuhitaji Wazungu wengi. Wachache walitosha, sehemu iliyobaki tuliifanya wenyewe, ndani ya nyumba zetu, na kazi yetu imedumu kuliko yao.

Baba Hamada alifariki mwezi uliopita, hana mtoto. Tulimzika Moroni, mafundi wenzake na mimi. Nikaomba arobaini yake isomwe Mutsamudu, katika nyumba alimoishi. Mama Mkubwa Zahara, ambaye sasa ndiye mwenye nyumba, akatuma jibu kwamba haiwezekani. Mficha maradhi, kifo humuumbua, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba kifo chenyewe kinaweza kuwa cha mtu mwingine. Juzi asubuhi nikampigia simu. Niliyasema yote bila kupumua: ngazi, marinda, bomba, kona, mlango wa Bi Siti.

Aliningoja nimalize.

"Nilikuwa dirishani na vitunguu vyangu," akasema. "Nilikuona ukitoka."

"Siku ileile?"

"Siku ileile. Na mume wangu alinijia chumbani akaniambia: Zahara, leo nyumba hii lazima imtoe mtu, na mtoto wa nyumba hatolewi. Toa sanduku langu. Nikalitoa."

Nikauliza mbona, kama alijua, ameikataa hitima.

"Nikiisoma humu watu watauliza ametakaswa na nini. Niwajibu nini, Mwanaesha? Nilikuwa nakungoja wewe. Nilidhani msomi atawahi."

"Na sasa?"

"Sasa njoo Alhamisi. Wanaume wataanza saa nne. Kabla hawajafungua misahafu, utasimama useme mwenyewe."

"Na watoto wa Mjomba Bakari?"

"Watakaa mbele," akasema. "Kwa hiyo useme kwa sauti."